Uchaguzi wa Mtutu wa Gobori huko Pennsylvania

Katika karne ya 18, mafundi Wajerumani waliohamia Pennsylvania, Marekani, walikwenda na gobori la kuwindia lenye mtutu mfupi, tundu pana na michirizi ya mzunguko ndani yake. Lakini msituni, mbali na maduka, baruti na risasi vilikuwa adimu. Basi mtutu ukarefushwa hata kuzidi mita 1, na tundu likapunguzwa. Nusu kilo ya madini ya risasi hutoa tufe 20 hivi za milimita 16, bali 48 za milimita 12. Hata hivyo, tundu dogo mno halikufaa kwa dubu. Pana mno lilimmalizia mwindaji akiba yake. Kuchagua mtutu kulikuwa kupima riziki na hatari.