Dirisha la programu ya sauti linapotoweka, rekodi haijapotea

WATAMU haina uhaba wa sauti za kurekodiwa. Kando yake lipo hori la Mida na ndege wake wa pwani, na karibu upo msitu wa Arabuko-Sokoke, makao ya bundi mdogo wa Sokoke, ambaye husikika usiku kuliko anavyoonekana. Zipo pia kwaya, kaswida na muziki wa hotelini. Wengi huhariri rekodi zao kwa Audacity, programu inayotolewa bila malipo tangu mwaka wa 2000, au nyingine za aina hiyo.

Tatizo moja huwasumbua wanaounganisha tarakilishi na projekta au televisheni ya ukumbini. Wakishaichomoa na kurudi nyumbani, programu hufunguka, alama yake huonekana chini ya skrini, lakini dirisha lenyewe halipo.

Sababu ni kumbukumbu. Programu inapofungwa huandika mahali dirisha lilipokuwa. Audacity huyaweka hayo katika faili ya audacity.cfg: X ni umbali kutoka kushoto, Y kutoka juu, pamoja na upana na kimo. Skrini yenye upana wa nukta 1,366 haiwezi kuonyesha dirisha lililoandikiwa X ya 1,500. Programu nyingi hukagua hesabu hizo zinapofunguka, ila si zote, na madirisha madogo ya vifaa vya kurekebisha sauti aghalabu husahauliwa.

Katika Windows, hatua ya kwanza ni kubonyeza Windows na P, kisha kuchagua skrini ya tarakilishi pekee. Isipofaa, programu ichaguliwe kwa kubofya alama yake, zibonyezwe Alt na kitufe cha nafasi, kisha M, kisha mshale wowote. Kipanya kikisogezwa, dirisha hukifuata. Ikiwa dirisha lilijaza skrini nzima, Windows na mshale wa chini hutangulia.

Mwisho, programu ikiwa imefungwa, nakala ya audacity.cfg ihifadhiwe, kisha X na Y zibadilishwe ziwe 50.

Kuondoa programu na kuiweka upya mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa faili ya mipangilio husalia. Kuifuta faili hiyo hurejesha dirisha, lakini mtumiaji hupoteza pia uteuzi wa maikrofoni na mipangilio mingine.

Kinga ni rahisi: dirisha lirudishwe kwenye skrini kuu na programu ifungwe kabla ya waya kuchomolewa.

Muhimu zaidi, rekodi zilizohifadhiwa hukaa katika faili zake zenyewe. Tangu toleo la 3.0 la mwaka wa 2021, Audacity hutumia faili ya aup3. Aliyekesha msituni akimsikiliza bundi hana haja ya kufuta chochote kwa hofu.