Elimu ya Zizini na Titi la Mwanamume

Sisi wazee wa eneo la Wabera tuliokulia kwenye mifugo tunamjua maksai. Dume akihasiwa, hasira hupoa, shingo haijai kama ya fahali, nyama hunona. Kinachoondolewa ni korodani tu, lakini mwili mzima hubadilika. Kwa hiyo daktari aliponieleza kuwa uvimbe mgumu chini ya chuchu yangu ya kushoto ni saratani ya titi, na kwamba homoni ndizo zinazoulisha, nilimwelewa upesi.

Hata tiba yenyewe ina asili ya zizini. George Beatson, daktari wa upasuaji wa Glasgow, alikuwa amesikia kuwa Australia kuna wafugaji wanaowatoa ng'ombe ovari ili waendelee kukamuliwa. Akajiuliza: ikiwa ovari inaamuru kiwele, itashindwaje kuamuru titi linalougua? Mwaka 1896 alichapisha habari za wanawake aliowatoa ovari, uvimbe wao ukanywea.

Zamu ya wanaume ilifika 1942. Farrow na Adair, madaktari wa New York, walimtoa korodani mgonjwa ambaye saratani ya titi ilikuwa imeshamfika mifupani, naye akapata nafuu. Kwa miaka mingi hiyo ikawa tiba ya wanaume ambao ugonjwa umewaenea. Namfikiria mzee wa Kiborana akiambiwa hivyo mbele ya wanawe, na moyo unaniuma.

Afueni ilikuja na kidonge. Mwaka 1962 Dora Richardson, mkemia wa kampuni ya ICI huko Uingereza, alitengeneza tamoksifeni. Ilikusudiwa kuzuia mimba, lakini ikaonekana inaizuia homoni ya estrojeni isichochee chembe za saratani. Mwili wa mwanamume nao hutengeneza estrojeni, na saratani nyingi za titi kwa wanaume huitegemea. Hata waliopewa estrojeni kutibu saratani ya tezi dume huota matiti, na baadhi yao wameripotiwa kupata saratani ya titi.

Mimi nilipasuliwa, na sasa nameza tamoksifeni kila asubuhi baada ya chai. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani hii, mwanamume ni mmoja hivi, na mara nyingi huja akiwa amechelewa. Ndugu zangu, mkioga jipapaseni kifuani. Mkiona uvimbe hata usiouma, chuchu iliyozama au inayotoa damu, nendeni hospitali wiki hiyo hiyo. Tunapapasa viwele vya ng'ombe wetu bila haya. Vifua vyetu vinastahili uangalizi huo huo.