Tumbili namba 766 na hesabu iliyochelewa

Ukisikia "Zika" kwa sikio la Kiswahili unawaza mazishi. Tulia: ni jina la Kiganda, la msitu mdogo karibu na Entebbe, Uganda. Aprili 1947 watafiti wa homa ya manjano waliweka tumbili kwenye vizimba humo wakisubiri mbu wawaume. Tumbili namba 766 akapata homa. Seramu yake ikadungwa kwenye ubongo wa panya, panya wakaugua, na kumbe haikuwa homa ya manjano. Kilikuwa kirusi kipya.

Mwaka 1952 George Dick aliripoti kwamba katika panya wale kirusi kilipatikana kwenye ubongo tu, si kwenye viungo vingine. Sasa utauliza, mbona hakuna aliyeshtuka? Usiwalaumu haraka. Virusi vingi vikidungwa moja kwa moja ubongoni mwa panya huleta madhara. Halafu binadamu walikuwa wakiugua kidogo tu: mtafiti David Simpson aliambukizwa Uganda miaka ya 1960, akapata homa na vipele, akapona baada ya siku chache.

Mwaka 2007 Zika ililipuka kisiwani Yap, Pasifiki. Walioambukizwa walikadiriwa kuwa kama 5,000, na hakuna aliyelazwa. Basi, ugonjwa mwepesi!

Ila 2013 ikafika Polinesia ya Ufaransa, yenye watu wengi zaidi, na hospitali zikapokea wagonjwa 42 wa Guillain-Barré. Hapo kinga ya mwili, baada ya kupambana na kirusi, inageuka kushambulia mishipa ya fahamu. Miguu inaishiwa nguvu, udhaifu unapanda juu, wengine hushindwa hata kupumua bila mashine. Makadirio: mgonjwa 1 kwa kila walioambukizwa 4,000 hivi.

Rudi Yap na hesabu hiyo mkononi. Watu 5,000 wangetoa mgonjwa mmoja tu, na mmoja nani angemhusisha na Zika?

Brazil ilipoanza kupata watoto wenye vichwa vidogo mwaka 2015, watafiti walirudi kufungua mafaili ya Polinesia. Wakakuta visa 8 vya aina hiyohiyo, 7 kati yake ndani ya miezi 4 ya mwaka 2014. Vilikuwa vimeandikwa tayari, kila kimoja kwenye faili lake.