Kanda la Usufi

Mwaka 2014, nikiwa na miaka minne ya ustaafu, nilinunua nyumba ya kuweka mgongoni mwa gari. Sikosei kuiita nyumba. Kilikuwa kibanda cha plaiwudi kilichovishwa bati jepesi, chenye kitanda kilichotokeza juu ya paa la dereva, jiko la gesi, karo na tangi la maji. Huingizwa nyuma ya pikapu kama droo inavyoingia mezani, na gari likitakiwa kwa kazi nyingine, kibanda husimama chenyewe juu ya jeki zake nne. Mtaalamu mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake aliniuzia kwa bei ya urafiki. Nia yangu na mama watoto ilikuwa kuzitembelea shule nilizofundisha, Kasulu hadi Kibondo, pasipo kumsumbua mtu kwa malazi.

Nilikikagua kama anavyokagua mtu aliyezoea mitumba. Nilibonyeza sakafu na pembe zote kwa kidole gumba, maana ubao unaobonyea umekwisha kunywa maji. Nilimwagia paa ndoo tano nikakaa ndani kutazama panapovuja. Nilipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi nione kama patatoka mapovu. Nilijiona mtu makini. Lakini swali la kwanza sikuliuliza: kibanda hiki kina uzito gani, na huyu atakayekibeba anaweza kiasi gani?

Hapo ndipo ninapoona haya, msomaji wangu, kwa sababu swali hilo lilikuwa somo langu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisimama mbele ya watoto wa Kigoma nikawafundisha habari za Stanley. Hapa kwetu Kasingirima si mbali na ule mnara wa Livingstone wa Ujiji, na kila mwaka niliwapeleka wanafunzi wakauone. Niliwaandikia ubaoni: mwaka 1876 Stanley alilizunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51, akitumia mashua yake iitwayo Lady Alice. Wakanakili, wakajibu mtihani, wakapata vema.

Mashua ile ilifikaje Ujiji? Haikuja kwa maji. Iliundwa Uingereza kwa vipande vitano, ili ivuke bara mabegani mwa watu. Ilipofika Unguja mwaka 1874 na kupimwa, vipande vinne vilikuwa na ratili 280 kila kimoja, yaani kilo 127 hivi, na cha tano kilizidi ratili 300. Mzigo wa kawaida wa pagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Stanley mwenyewe aliona haiwezekani. Ikabidi fundi apatikane palepale Unguja, avikate upya na kuvipunguza, ndipo safari ianze kutoka Bagamoyo mwezi Novemba. Hata hivyo walioibeba waliibeba mwaka mmoja na nusu kabla ya kuiweka majini Ujiji. Mimi niliyasoma hayo yote, lakini sikuyaandika ubaoni hata mara moja. Kwangu mashua ilikuwa ya Stanley, na mabega hayakuwa na mwenyewe.

Tukarudi kwenye kibanda. Siku ya safari nilijaza tangi, nikapakia vitabu vya zawadi, sufuria na magodoro. Kijana wa jirani aliyekuwa akinisaidia alilitazama gari, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mbona limechuchumaa?" Nikamjibu kwamba magari ya siku hizi ni imara.

Kwenye mteremko mmoja wa njia ya Kasulu springi ya kushoto ilikatika. Kibanda kikainama, kikakata mnyororo mmoja, kikakaa nusu ndani nusu nje. Nilihangaika kutafuta jeki. Yule kijana, bila kuambiwa, aliingiza bega chini ya pembe akakizuia kisimwangukie mama watoto, aliyekuwa akishuka. Alikizuia mpaka mama watoto akatoka. Kisha nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu. Ulikuwa mtulinga wake.

Usiku ule, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake hospitalini, nilimkumbuka babu yangu mzaa baba. Begani alikuwa na sugu ngumu kama kisigino, nasi wajukuu tulipenda kuigusa. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, watu walidhani bega limepumzika. Hata meli ya Graf von Götzen, iliyokuja kuitwa Liemba, ilisafirishwa kwa treni vipande vipande ndani ya makasha na kuungwa hapa Kigoma. Vita ikalirudisha bega kazini. Wabelgiji walipoutwaa mji mwaka 1916, babu alichukuliwa kubeba risasi kuelekea Tabora. Alikuwa mmoja wa maelfu kwa maelfu, upande wa Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam ni ukumbusho wa wapagazi hao. Babu hakupata kutusimulia. Nami, mwalimu wa historia, sikupata kumuuliza.

Kijana alipopona nilifanya hesabu niliyopaswa kuifanya mwanzo. Gari: uwezo wa kubeba kilo 1,000. Kibanda kitupu, kwa mujibu wa kibao chake: 690. Maji lita 90, ambazo ni kilo 90. Mtungi wa gesi 30. Vitu na vitabu 120. Sisi watu watatu 200. Jumla 1,130. Fundi alipendekeza kuongeza majani ya springi. Mwingine mwenye busara zaidi akanieleza kwamba springi nene huzuia gari lisichuchumae, ila haiongezi nguvu ya ekseli wala ya breki. Basi nikafanya alivyofanya yule fundi wa Unguja: nikapunguza. Nikaling'oa tangi nikaweka madumu mawili ya lita ishirini, vitabu nikavituma kwa basi, kisha nikalipitisha gari lote mizanini, likiwa na mizigo na watu wake, kabla ya kwenda popote. Tulifika Kibondo mwaka uliofuata.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilipoalikwa kuzungumza katika shule ya kwanza tuliyofikia, niliomba chaki. Niliandika tena habari za Lady Alice, safari hii nikianza na uzito wa kila kipande. Kisha nikawaomba watoto wanne wanyanyue pembe za meza ya mwalimu, wazunguke nayo darasa mara moja tu. Kijana wa jirani alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Hakuna aliyecheka.