Mama wa nyumbani

Akiulizwa kazi ya mkewe, mtu hujibu: “Hana kazi, ni mama wa nyumbani.” Filamu ya Mbelgiji Chantal Akerman, Jeanne Dielman (1975), inalipinga hilo “hana” kwa dakika 201.

Kamera imetulia jikoni, Brussels. Mjane, anayeigizwa na Delphine Seyrig, anamenya viazi, anaosha vyombo, anatandika kitanda. Mchana hupokea wanaume wanaomlipa. Sinema za kawaida huyapitia haya kwa sekunde chache. Akerman hakuyakata, na ukali wake uko hapo hapo: mtazamaji analazimika kuilipia kazi hiyo kwa muda wake mwenyewe. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, na utaratibu wote unaanza kulegea.

Mwaka 2022 wahakiki wa jarida la Sight and Sound waliipa nafasi ya kwanza katika orodha yao ya filamu bora, nafasi ambayo filamu iliyoongozwa na mwanamke haikuwahi kuishika.