Wakimbizi na Matibabu ya Maradhi ya Akili: Kambi ya Nyarugusu

Kambi ya Nyarugusu, iliyo wilayani Kasulu katika mkoa wa Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, na mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Na miongoni mwao wamo ambao, ijapokuwa miili yao ilisalimika, usingizi umewahama na mambo waliyoyashuhudia huwarudia fikirani pasipo hiari yao.

Dhiki hiyo aghalabu haimfikii tabibu kwa sura yake halisi, kwani mgonjwa hulalamikia kichwa au kifua kubana, akapewa dawa ya maumivu, ilhali jamaa zake, wakidhani ni mashetani, humpeleka kwa mganga au kwenye maombi, jambo ambalo si insafu kulidharau, maana huenda huko ndiko alikopata faraja ya kwanza. Naye mwanamke aliyenajisiwa hunyamaza kwa kuchelea fedheha.

Kizuizi kizito zaidi cha kupata matibabu ni sheria na masafa: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humzuia mkimbizi kutoka kambini bila idhini, na Mirembe, hospitali ya taifa ya maradhi ya akili, iko Dodoma, mamia ya kilomita kutoka kambini. Kwa hiyo ni wa thamani kubwa mwongozo wa mwaka 2015 wa Shirika la Afya Duniani na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, unaowawezesha matabibu wa kawaida kutambua na kutibu sonona, kifafa na wazimu papo hapo, maadamu dawa zipo.