Nichore Vipi Uso wa Katabi?

Mwenye nyumba moja ya wageni hapa Mpanda aliniita nimchoree kiboko ukutani. Kiboko hanisumbui, nimewaona Mto Katuma wakati wa kiangazi, wamebanana kwenye tope. Kabla sijafungua kopo la rangi, akaongeza: “Fundi, na Katabi uniwekee pembeni.”

Katabi ni mzimu wa mwindaji. Wazee husema makao yake ni mkwaju ulio kando ya Ziwa Katavi, na watu hupeleka sadaka pale. Hifadhi na mkoa vimebeba jina lake, lakini sura yake sijaonyeshwa na mtu.

Sisi waandika mabango hudhani kuchora kisichoonekana ni mambo ya wasomi wa Ulaya. Wasukuma, ambao wengi wamehamia Katavi na ng’ombe wao wakifuata malisho, wanajua zaidi. Huko Usukumani, chama cha Wayeye, mafundi wa nyoka na dawa za sumu yake, kilikuwa na nyumba zilizochorwa kuta za ndani ili wanachama wapya wafundishwe. Nyoka unamtambua mara moja. Jirani yake ni kiumbe wa simulizi za chama, naye kachorwa bila kusitasita. Mwaka 1953 Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni, alichapisha London kitabu kuhusu picha hizo.

Mjini nako kazi iliendelea kwa njia zote mbili, kuchora kinachoonekana na kisichoonekana. Sam Ntiro wa Machame alichora maisha ya kijijini. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichukua vibao vya dari na rangi za baiskeli, akajaza kibao kizima kwa mnyama mmoja. Chui wake unamjua ni chui, ingawa madoa yale hayako porini.

Anayenifaa zaidi ni George Lilanga, Mmakonde aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Mashetani yake yana masikio makubwa na vitumbo, ila yanafanya shughuli za watu wa kawaida mtaani. Hapo ndipo ufundi ulipo: kisichoonekana kinaaminika kikipewa kazi tunayoijua. Basi Katabi nilimpa upinde na miguu yenye vumbi jekundu, uso nikauelekeza kwenye mkwaju. Mteja alilipa bila kubishana.

Kuta za namna hii hapa Mpanda hupakwa upya kila biashara inapobadilisha mmiliki. Ndugu msomaji, kabla hujafuta picha ya zamani, ipige picha, na uandike jina la aliyeichora.